Vipindi vinne vya kinga ya VVU kwa kidato cha tatu: nianzie wapi?

Mlezi wa Kidato

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha baiolojia sekondari, na mwaka huu nimekabidhiwa ulezi wa kidato cha tatu. Mkuu wa shule amenipa vipindi vinne vya kinga ya VVU, wavulana na wasichana pamoja, wengi wana miaka 15 hadi 17. Nimeachiwa nipange mwenyewe, na hapo ndipo nilipokwama.

Maarifa ya kitabuni wanayo. Waulize njia za maambukizi, wanakutajia bila kukosea. Wanajua VVU hushambulia chembe za CD4, yaani chembe za damu zinazoulinda mwili, wanajua virusi vilitambuliwa mwaka 1983, miaka miwili baada ya madaktari wa Marekani kuripoti wagonjwa wa kwanza. Wape mtihani leo, watafaulu. Ila kabla ya kuanza niliweka sanduku la maswali, nikaagiza kila mmoja atumbukize karatasi, hata asiye na swali aandike "sina", isijulikane nani kauliza. Maswali ya mbu na mswaki yalikuwepo, hayo nilishajiandaa nayo. Kuna mengine yananinyima usingizi. Nayaweka hapa kwa maana yake tu, si kwa maneno yao, ili asitambulike mtu.

Mmoja anauliza: akimwambia mwenzake avae kondomu, naye akajibu "kwani huniamini?", aseme nini? Mwingine anasema kila siku tunawahimiza wasubiri, lakini yeye hakusubiri, sasa kwake kuna somo gani? Wa tatu, nadhani ni msichana, anaeleza kwamba kuna mtu mzima anayemsaidia mahitaji, mtu mwenye mke na heshima zake, hivyo si yuko salama kuliko angekuwa na mvulana wa darasani? Na wa mwisho anasema anameza dawa tangu akiwa mdogo. Anataka kujua kama ataweza kuoa na kupata watoto, na anaomba swali lake lisisomwe mbele ya wenzake.

Darasani kwetu pana bango la miaka mingi: fuvu la kichwa, mifupa miwili iliyopishana, na maandishi mekundu kwamba UKIMWI unaua. Mtoto huyu anakaa chini ya bango hilo asubuhi hadi mchana, na usiku anameza kidonge kinachomfanya aishi. Sijajaribu kulinganisha mwandiko wala sitajaribu.

Naomba mawazo yenu. Kwanza, nawezaje kufundisha darasa moja ambamo wengi wanatakiwa wajikinge wasiambukizwe, na angalau mmoja anaishi na virusi tayari, bila kumuumiza huyu wala kuwafanya wale wadharau hatari? Pili, vipindi vinne ni vichache. Nyie mnaokutana na vijana, mngeweka nini mbele?

Nesi wa Vijana

Mwalimu, hongera kwa sanduku. Mimi ni muuguzi, tuna kliniki ya vijana, na maswali hayo ndiyo nayasikia kila wiki. Tofauti ni kwamba mimi nayasikia yakiwa yamechelewa.

Ningepewa kipindi kimoja tu, ningekimaliza kwenye saa 72. Aliyebakwa, aliyepasukiwa na kondomu, aliyechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwingine, akifika kituo cha afya ndani ya saa 72 anaweza kuanzishiwa dawa za PEP. Anazimeza siku 28 ili virusi visipate nafasi ya kujikita mwilini. Saa hizo zikipita, nafasi imepita. Na asisubiri hadi saa ya sabini, kadiri anavyowahi ndivyo dawa inavyosaidia. Wasichana wananijia wiki ya pili, wanalia, ndiyo kwanza wamesikia kwa rafiki kwamba dawa hiyo ipo. Ukimuuliza njia za maambukizi anazijua zote. Hakuna aliyemwambia kwamba baada ya tukio bado kuna la kufanya, na kwamba saa inahesabu. Tafadhali Mwalimu, namba hiyo waondoke nayo kichwani hata kama mengine yote watayasahau.

Jambo la pili ni kipimo. Kile cha tone la damu ya kidoleni hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya virusi, na mwili unaweza kuchukua hadi miezi mitatu kuwatengeneza wa kutosha kuonekana. Kijana analala na mtu Jumamosi, anapima Jumatano, anaambiwa hana, anaondoka anatangaza kwamba yuko salama. Kumbe wiki hizo za mwanzo, mtu akiwa ameambukizwa, ndipo virusi huwa vingi sana katika damu yake na anaambukiza kwa urahisi. Kwa hiyo akipima mapema arudi tena kupima.

Wasichana wengi wanaogopa mimba kuliko VVU, nadhani kwa sababu mimba inaonekana. Akishachomwa sindano ya uzazi wa mpango au kuwekewa kijiti anaona amemaliza. Waambie wazi kwamba hivyo vinazuia mimba tu. Na wavulana wana lao: wakishatahiriwa wanaona wamevaa kinga ya maisha. Tohara hupunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Ni kubwa, lakini iliyobaki ni 40, na haimkingi mwenza wake akiwa mvulana mwenyewe ndiye mwenye virusi.

Wakubwa kidogo wataje na PrEP, dawa anayotumia asiye na VVU ili asiambukizwe. Kuna vidonge, na sasa kuna sindano ya lenacapavir inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Utafiti uliotangazwa mwaka 2024 uliihusisha Afrika Kusini na Uganda, kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Waliopewa sindano hiyo walizidi 2,000, na hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2025. Haijafika kila mahali, lakini wajue ipo.

Sasa yule mwenye "msaidizi". Mwalimu, hapo usiishie kwenye kinga. Mtu mzima anayempa mtoto mahitaji ili alale naye anamnyonya, na huyo mtoto anahitaji mtu wa kumtoa hapo. Usimsake kwa mwandiko, umefanya vizuri. Tangaza kwa darasa zima ni nani hasa wanaweza kumwendea, wapi, saa ngapi, na atakachofanya akishaambiwa. Na usiahidi siri ambayo sheria haitakuruhusu kuitunza.

Mama Wawili

Mwalimu, heshima yako. Mimi ni mzazi, nina binti kidato cha pili na kijana kidato cha nne, na naandika kwa moyo mweupe.

Nyumbani nawafundisha kusubiri. Asiyefanya ngono hawezi kuambukizwa kwa ngono, hilo hata Nesi hatalikataa. Mbona siku hizi anayetaja kusubiri anaonekana amepitwa na wakati? Ukisimama mbele ya binti wa miaka 15, wavulana wamekaa pembeni yake, ukaonyesha kondomu inavyovaliwa, unamwambia kwamba jambo hilo linategemewa kwake. Nina wasiwasi huo na sioni aibu kuusema.

Na kuhusu bango, mimi nilizika wadogo zangu wawili miaka ya 1990. Niliwaogesha, nikawageuza kitandani, nikaona walivyokwisha. Hofu ile ndiyo iliyotulinda sisi tuliobaki. Watoto hawa hawajaona mtu akifa vile. Mkiondoa na hofu, watabaki na nini?

Kidonge Usiku

Mama, pole sana kwa msiba wa wadogo zako. Nakujibu kwa heshima kwa sababu mimi ndiye yule aliyekaa chini ya bango.

Nilizaliwa na VVU, sasa ni mtu mzima nafanya kazi zangu. Nilisoma bweni. Dawa nilizihamishia kwenye chupa ya vitamini, nikajaza pamba juu ili vidonge visilie nikitikisa begi. Nilikuwa nasubiri taa zizimwe, nameza bila maji, kwa sababu kwenda bombani usiku kila siku saa ileile wenzako wataanza kuuliza. Hayo niliyaweza. Kilichonishinda ni kipindi kimoja cha darasani. Mwalimu aliuliza nani angekubali kula sahani moja na mwenye virusi. Mikono iliyoinuka niliiona, na nisiyoiona ikiinuka niliikumbuka zaidi. Halafu akasema hao ni wa kuwaombea maana safari yao ni fupi. Muhula ule niliacha dawa. Nilijiambia, kama kufa ni lazima, najificha ya nini? Nilirudishwa nyumbani nikiwa mgonjwa, na aliyenirejesha kwenye dawa ni bibi yangu, kwa kunikalia kitako kila usiku mpaka nimeze.

Kwa hiyo hofu ilipomfikia ambaye tayari anao, ilimtoa kwenye dawa. Na asiye kwenye dawa virusi vyake hupanda, kisha anaweza kumwambukiza mtu. Darasa lenye hofu halijilindi hata lenyewe.

Mwalimu, swali la kuoa lijibu kwa darasa zima kama somo la kawaida, bila kusema kuna aliyeuliza. Anayemeza dawa kila siku mpaka kipimo kishindwe kuona virusi katika damu, na akabaki hivyo, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Utafiti wa PARTNER, matokeo yake ya mwaka 2016, uliwafuatilia wapenzi wa jozi 888 ambao mmoja ana virusi na yuko kwenye dawa, mwingine hana. Walifanya ngono bila kondomu mara 58,000 hivi. Hakuna aliyeambukizwa na mwenza wake. Watoto pia anapata: mama mwenye virusi asipopata dawa, uwezekano wa mtoto kuambukizwa ni asilimia 15 hadi 45, akizipata na kuzifuata unashuka chini ya 5. Nilipozisikia namba hizi kliniki nilikuwa nimeshamaliza shule. Zingenifaa kidato cha tatu.

Ombi moja tu. Usitafute mtu wa kuja kutoa ushuhuda mpaka awe amejitolea mwenyewe na amejiandaa, na asiwe mwanafunzi. Ukishalisema jambo hilo shuleni hulirudishi.

Mwezeshaji Rika

Naongezea kwa Mama Wawili, kwa sababu hoja yake wazazi wengi wanayo na inastahili jibu lenye ushahidi.

Magharibi mwa Kenya ulifanyika utafiti katika shule za msingi, watoto wa darasa la nane, matokeo yakachapishwa na mchumi Pascaline Dupas mwaka 2011. Shule zilizofundishwa mtaala wa kusubiri tu, na walimu wakapewa mafunzo maalumu ya kuufundisha, mimba za wanafunzi hazikupungua. Kundi lingine lilipewa kipindi kimoja tu, kama dakika 40 na video fupi, wasichana wakaonyeshwa takwimu za maambukizi kwa umri na jinsia: wavulana wa rika lao wenye VVU ni wachache sana, wanaume wakubwa ndio wengi. Basi. Mwaka uliofuata mimba zilipungua kwa asilimia 28, na zilizopungua hasa ni zile za wanaume wakubwa. Mwalimu, yule msichana anayeona mtu mwenye mke ndiye salama, jibu lake liko hapo. Mke si cheti cha kipimo.

UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, nayo, katika mwongozo wake wa elimu ya jinsia uliorekebishwa mwaka 2018, ilipitia tafiti nyingi na kueleza kwamba elimu hii haiwaharakishi watoto kuanza ngono. Kwa hiyo Mama, kusubiri kufundishwe, tena kwa bidii, lakini kama ustadi. "Subiri" ni agizo, na agizo halimsaidii binti aliyeshikwa mkono mlangoni. Sisi tunawafanyisha mazoezi ya kusema. Mmoja anakuwa anayeshawishi, mwingine anakataa, darasa linasikiliza, halafu wanabadilishana. "Kwani huniamini?" Wafundishe kujibu kwa sentensi fupi na kuirudia: "Kuamini ni jambo jingine, bila kondomu sikubali." Akisukumwa arudie hiyohiyo, asianze kutoa sababu, kwa sababu kila sababu atakayotoa itapata jibu. Na aondoke. Wavulana wafanye zoezi upande wa kukataliwa, waseme "sawa" kwa sauti na waache. Wengi hawajawahi kulisema neno hilo katika hali hiyo, na hapo wavulana ndio wanaohitaji kipindi zaidi ya wasichana.

Mlezi wa Kidato

Nimewasoma wote, nimewarudia, na nashukuru kutoka moyoni.

Mama Wawili, nimekaa na swali lako kuliko majibu mengine. Wadogo zako walifariki wakati ambao ulimwengu haukuwa na cha kuwapa. Dawa za mchanganyiko zilianza kutumika mwaka 1996, na nchi nyingi zilizipata miaka mingi baadaye. Bango letu lilisema kweli ya wakati huo, na nyinyi mliouguza mna haki ya kuikumbuka. Lakini mtoto aliyeandika karatasi ile amezaliwa dawa zikiwepo, na bango linamwambia habari ambayo si yake. Nitaliondoa. Nitawaeleza darasa hayo uliyoyaeleza, jinsi watu walivyouguzwa na kuzikwa, kama historia wanayopaswa kuijua, kisha niwaeleze kilichobadilika. Hatari sitaipunguza hata kidogo: bado watu takriban milioni 1.3 waliambukizwa duniani mwaka 2024, na waliokufa walikuwa 630,000 hivi. Hao wanakufa wakati dawa zipo, na mara nyingi ni kwa kuchelewa kupima au kuacha dawa.

Nimepanga hivi. Kipindi cha kwanza nitaanzia kwa dawa na kupima, kinyume na kitabu kinavyoanza, ili kila mtu darasani aingie kwenye somo akijua mwenye VVU ni mtu anayeishi. Namba za jozi 888 zitakuwa ubaoni. Hapohapo nitamaliza mambo ya mbu haraka: mbu akikuuma anakutemea mate yake, hakumiminii damu ya aliyemuuma kabla yako, na VVU haviwezi kuzaliana ndani yake kama wafanyavyo vimelea vya malaria. Kipindi cha pili ni saa 72, kipimo na miezi mitatu, na nani wa kumwendea. Hicho kitakuwa kizito, nitakipa muda wote.

Cha tatu ni mazoezi ya kusema, na takwimu za umri. Hapa nawaamini sana wanafunzi wenyewe, watatunga ushawishi ambao mimi siujui.

Kondomu nimeiacha ya nne, na kwa ajili yako Mama, wasichana watakaa peke yao na mwalimu wa kike, wavulana nitakaa nao mimi. Lakini nitaifundisha kikamilifu: kuangalia tarehe ya mwisho, kuifungua kwa vidole bila meno, kubana ncha hewa itoke, kuishika shinani wakati wa kutoka, kutoihifadhi mfukoni kwenye joto, kutopaka mafuta ya mgando maana yanaharibu mpira, na kutovaa mbili kwa pamoja. Kuna mtoto amesema hakusubiri. Siwezi kumwambia kwamba somo lake lilikwisha siku ile. Wazazi nitawaita kabla, niwaonyeshe kila nitakachosema.

Mama Wawili

Ukiwaita wazazi kabla, nami ningekuwa mzazi wa shule hiyo ningekuja na ningekaa mbele. Lile la wavulana kufundishwa kusema "sawa" sijawahi kulisikia likifundishwa popote, na kijana wangu nitamwambia leo. Kidonge Usiku, mwanangu, msalimie bibi yako. Alifanya kazi ambayo mimi nilitamani kuifanya kwa wadogo zangu, ila sikuwa na kidonge cha kuwapa.

Nesi wa Vijana

Mwalimu, mpango nimeupenda, hasa kuanzia na dawa. Kabla hujawatajia kituo cha kwenda, nenda wewe mwenyewe kwanza ukaulize. Dawa za PEP zinatolewa hata usiku na siku za mapumziko, au mpaka ofisi ifunguliwe? Maana saa 72 hazisubiri Jumatatu. Mwanafunzi akija na sare anapokelewa au anarudishwa akamlete mzazi? Umri wa kupimwa bila ridhaa ya mzazi unatofautiana nchi na nchi, uliza unaotumika kwenu na uwaambie wanafunzi ulivyo. Omba pia ujue anayepokea vijana anakaa chumba gani, ili mtoto asianze kujieleza dirishani mbele ya foleni. Ukipata majibu hayo yaandike kwenye karatasi ndogo, mgawie kila mmoja, wote darasani, wanaohitaji na wasiohitaji.